Kabla ya Kuchimba Msingi wa Darasa

(Mazungumzo haya tuliyatoa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Maswali tumeyaacha, yalikuwa mengi.)

 Tunawashukuru kwa kuacha palizi mkaja kuzungumza habari ya madarasa. Tunajua vikundi vitatu kati ya vilivyo hapa vina mawe tayari uwanjani, mchanga umeletwa, na kilichobaki ni fundi kuvuta kamba. Ndiyo maana tuliomba tukutane leo, wala si mwezi ujao. Kamba ikishavutwa na msingi ukachimbwa, mengi tutakayosema hapa hayatawafaa tena.

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana kosa la mwingine ni rahisi kulisimulia.

Miaka mingi iliyopita ofisi yetu ilisaidia kikundi kimoja kujenga madarasa mawili. Shule hatutaitaja. Wazazi walichanga, vijana wakasomba maji kwa punda, na mwethya wa kina mama ukabeba mawe kutoka mtoni kwa mgongo. Sisi tulileta mabati na simenti. Siku ya kuvuta kamba, kamati ikasema madarasa yatazame barabara, ili wageni wakipita waone maendeleo, na kibao cha ufunguzi kiwe upande huo. Barabara iko magharibi. Hakuna aliyepinga. Hata sisi tulikuwa pale na diploma zetu, tukaona ni wazo zuri.

Ufunguzi ulifana. Mbuzi walichinjwa, hotuba zikatolewa. Muhula uliofuata tulipita pale saa nane mchana, tukakuta madarasa ni matupu. Watoto wote wako chini ya mkwaju, ubao umeegemezwa kwenye shina. Tukamwuliza mwalimu kulikoni. Akatujibu kwa upole tu: "Asubuhi jua linaingia kwa madirisha ya nyuma. Mchana linaingia kwa ya mbele. Saa sita ni bati. Sasa ni saa ngapi tutakaa ndani?"

Hatukuwa na jibu. Ikinyesha, watoto wanakimbilia ndani, na humo hawamsikii mwalimu kwa kelele za mabati. Madirisha ni ya mbao, yakifungwa kuzuia mvua ni giza. Baadaye shule iliwekewa umeme, tukafurahi. Leo ukienda utaona taa zinawaka saa nne asubuhi, na nje jua ni kali. Kila mwezi shule inalipia mwanga ambao nje uko bure.

Tulijaribu kurekebisha. Tulipanda miti upande wa magharibi, mingine ikaliwa na mbuzi. Tukaongeza baraza. Ilisaidia kidogo na ikagharimu pesa ambazo zingenunua madawati. Nyumba si kitanda, huwezi kuigeuza.

Kwa hivyo leo tunazungumza kwanza habari ya upande. Ni jambo la bure kabisa. Fundi atalipwa pesa zile zile, mawe ni yale yale, mabati ni yale yale. Tofauti ni kamba inavutwa kuelekea wapi.

Sisi tunaishi karibu na ikweta. Jua linachomoza mashariki na kutua magharibi, hilo kila mtoto anajua. Lakini tusisahau kwamba asubuhi na jioni liko chini. Likiwa chini linaingia dirishani moja kwa moja, linapita chini ya paa, linafika mpaka kwenye ukuta wa upande wa pili. Hakuna paa refu la kutosha kulizuia. Mchana, likiwa juu, paa linalizuia kwa urahisi. Sasa jua kali la alasiri, ambalo linawapata watoto wakiwa wamechoka na wengine hawajala, linatoka upande gani? Magharibi. Basi upande huo usiwekewe dirisha hata moja.

Darasa ni umbo la mstatili. Kuta zake ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, na ziwe nzima, hazina dirisha. Ubao uwekwe huko. Mwezi wa Juni jua linasogea upande wa kaskazini, Desemba linasogea upande wa kusini, lakini saa sita bado liko juu. Paa likitokeza mita 1 nje ya ukuta, kivuli chake saa sita kitafunika karibu mita 2 chini ya ukingo wa paa, hata Juni. Hiyo inatosha dirisha zima. Mafundi wengi hutokeza paa futi moja kwa kuokoa bati. Hapo ndipo mkatae.

Kama ploti imekaa vibaya na mkalazimika kupinda kidogo, si dhambi. Kupinda kidogo kunavumilika. Kugeuza nyumba yote itazame barabara hakuvumiliki, na kama ni kibao cha ufunguzi kiwekwe getini.

Mtauliza, tutajuaje mashariki kamili ni wapi bila mashine? Mtu akinyoosha mkono kuonyesha jua lilikochomoza anakosea, kwa sababu linachomoza mahali tofauti kidogo kila mwezi. Tumieni njia hii. Chukueni mti ulionyooka wa mita moja, mwukite wima kabisa mahali palipo sawa. Fungeni kamba kwenye shina lake, na kwa kamba hiyo mchore duara ardhini kuuzunguka; kamba iwe mita moja kasoro robo. Saa tatu asubuhi kivuli cha mti ni kirefu, ncha yake inatoka nje ya duara upande wa magharibi. Jua likipanda, kivuli kinajivuta. Ncha ikigusa duara tu, pigeni kigingi hapo. Halafu ngojeni. Baada ya saa sita kivuli kinaanza kurefuka upande wa pili. Ncha ikigusa duara tena, pigeni kigingi cha pili. Kamba ya kutoka kigingi hadi kigingi ndiyo mashariki na magharibi. Kuta ndefu zifuate kamba hiyo.

Ni kazi ya kutwa moja, na nyingi yake ni kukaa na kungoja. Mtoto wa darasa la tano anaiweza, na ni somo zuri kwake.

Sasa upepo. Hapa kuna wataalamu ambao hatukuwauliza siku ile, nao ni hawa kina mama wanaopepeta ndengu na mbaazi. Mama anayepepeta anajua upepo unatoka wapi mwezi gani, maana akikosea makapi yanamrudia usoni. Kwetu upepo mwingi hutoka mashariki, lakini unageuka: katikati ya mwaka unaegemea kusini, mwisho wa mwaka mpaka Machi unaegemea kaskazini. Kwa hivyo nyumba yenye madirisha kaskazini na kusini inaupata upepo kwa mshazari majira yote mawili. Lakini sharti madirisha yawe pande zote mbili. Dirisha la upande mmoja ni kama chupa, hewa haiingii kama haina pa kutokea. Na madirisha ya pande mbili yanaleta mwanga hadi katikati ya chumba, kwa hivyo taa zinabaki kwa siku za mawingu mazito na masomo ya usiku. Ndani pakeni kuta rangi nyeupe. Tumeona madarasa yaliyopakwa kijani kizito nusu ya ukuta "ili uchafu usionekane". Uchafu hauonekani kweli, na maandishi ubaoni pia hayaonekani.

Hapa tunawatahadharisha ndugu zetu wenye jamaa Kinangop au Limuru wasiwapelekee maneno haya kama yalivyo. Kule asubuhi ni baridi, na jua la saa mbili ni rafiki. Kila mahali pajengwe kwa hewa ya pale.

Tuje kwa bati. Bati ni zuri, halivuji na tunachotea maji. Lakini jua likilipiga linakuwa kama kikaango juu ya vichwa vya watoto. Feni haiwezi kuondoa joto hilo, inazungusha hewa ile ile ya moto. Dawa ni mbili: kuweka dari chini ya bati, na kuacha matundu mapana juu kwenye kuta fupi ili hewa ya moto itoke. Hewa ya moto hupanda, hilo mmeliona jikoni. Ikikosa mlango juu inakaa pale pale na kushuka kichwani. Matundu yapigwe wavu mgumu, la sivyo popo watahamia, na popo hawalipi kodi. Dari ya magunia ya nailoni tunaomba muiache. Tunajua ni rahisi na nyumbani wengi wetu tunayo, lakini ikishika moto inadondokea watoto.

Kuna shule moja ambayo tungetaka muijue, kwa sababu ilijengwa na kijiji kama sisi. Iko Gando, nchini Burkina Faso, Afrika Magharibi, mahali ambapo joto hupita digrii 40 na wakati huo hapakuwa na umeme. Aliyeichora ni Diébédo Francis Kéré, mtoto wa chifu wa kijiji hicho na wa kwanza pale kupelekwa shule. Kijijini hapakuwa na shule, kwa hivyo alisomea mji wa Tenkodogo, katika darasa la joto lililojaa watoto zaidi ya 100. Akawa seremala, mwaka 1985 akapata nafasi ya kwenda Ujerumani, akaishia kusomea uchoraji wa majengo Berlin. Kabla hajamaliza masomo alianza kuchangisha pesa ajenge shule kwao. Ikakamilika mwaka 2001.

Watu wa Gando waliposikia shule ni ya udongo hawakufurahi. Udongo waliujua, mvua ikija unabomoka. Akawaonyesha kwamba udongo ukichanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono unakuwa tofali gumu. Watoto walileta mawe ya msingi, kina mama wakasomba maji na kupiga sakafu. Paa lake ndilo la ajabu: chini kuna dari ya matofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake, limesimama kwenye nondo za kawaida zilizounganishwa, mbali na dari. Upepo unapita kati ya dari na bati, unachukua joto na kwenda nalo. Watoto wako chini, wametulia.

Mwaka 2004 shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya ujenzi, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ni ya heshima kubwa sana kwa wachoraji wa majengo duniani. Hapa kwetu Kenya pia ameacha kazi: kituo cha vijana cha kompyuta kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021, kina minara iliyoigwa kwa kichuguu cha mchwa, inayovuta hewa ya moto na kuitoa juu. Kichuguu tunakipita kila siku tukienda mtoni.

Paa la Gando lote hatuliwezi kwa fedha tulizo nazo, na hatusemi muliige. Lakini kuna kitu kingine pale ambacho tunakiweza na ambacho tunakitaka kuliko vyote. Yale madarasa matatu hayakubanana. Kati ya darasa na darasa pameachwa nafasi yenye paa na sakafu tu, haina kuta. Watoto wanasomea hapo, wanacheza hapo, wanapumzika hapo.

Fikirini gharama yake. Ukuta ni ghali, mlango ni ghali, madirisha ni ghali. Nafasi iliyo wazi ni paa, nguzo chache na sakafu. Mkijenga madarasa mawili, achaneni na mtindo wa kuyabandika pamoja. Yatengeni kwa mita 4 na nusu, paa lipite juu kwa moja. Mmepata chumba cha tatu kwa bei ya chini sana, na upepo unapita pale siku nzima.

Kitafanya nini? Wizara imesema katika mwongozo wake wa usalama wa mwaka 2008 kwamba darasa la takriban mita 7.5 kwa 6 lichukue watoto wasiozidi 40 wanaokaa wawili wawili. Tangu masomo ya bure ya msingi yaanze mwaka 2003, ni darasa gani hapa lina 40? Tukubali kwamba wako zaidi, na nusu yao wakitoka kwenda kusomea kwenye kivuli na mwalimu wa pili au na kiranja, ndani panapumua. Pia mtaala wa umilisi, uliokuja kuanzia mwaka 2017, unataka watoto wakae kwa makundi, wapime, wachore, wapande, watengeneze vitu. Na Januari 2023 gredi ya saba ilianza katika shule zile zile za msingi. Madawati yaliyopangwa kama viti vya basi hayafai kazi hiyo. Tengenezeni madawati mepesi ambayo watoto wawili wanaweza kuyabeba na kuyageuza. Ubao uwe kuta zote mbili fupi, na mwingine nje kwenye ukuta unaotazama ile nafasi.

Jioni wale wa gumbaru wanakaa hapo. Jumamosi ni mkutano wa chama. Kliniki ya mama na mtoto ikija haina haja ya kufukuza darasa. Kwa nini jengo lililogharimu jasho la kijiji kizima lifungwe kufuli kuanzia saa kumi? Ila kamati iweke daftari la nani anatumia lini na nani anafagia, maana mgogoro utatoka hapo na si kwingine.

Mahali pengine tulijaribu njia tofauti, ukuta wa mbao unaokunjwa kati ya madarasa mawili, ili yawe ukumbi. Kwenye karatasi ulipendeza. Mbao zikapinda kwa jua, ukakwama nusu wazi, na darasa la pili wakawa wanajibu maswali ya darasa la tatu. Sisi sasa tunasema nafasi yenye kivuli ni bora kuliko ukuta unaokunjwa.

Mambo mengine tupite haraka. Baraza la mbele liwe pana, mita 2 na nusu, na upande huo madirisha yawe makubwa zaidi kwa kuwa kivuli ni kizito. Ukutani jengeni kikalio cha simenti kirefu, hakiibiwi. Pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu, si ngazi peke yake. Mlango ufunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Tunajua habari ya wezi, tumeibiwa nasi, lakini mwongozo wa wizara unakataza na sababu ni moto. Wekeni mlinzi.

Kuhusu matofali, yale ya kuchoma yanakula miti, nasi miti tunaihesabu. Ya udongo wa kushindilia hayachomwi. Kipimo ni simenti 1 kwa udongo kati ya 12 na 20, kulingana na udongo wenyewe, kwa hivyo tengenezeni machache ya majaribio kwanza. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi haufai, tafuteni mwekundu wenye mchanga. Wiki ya kwanza matofali yafunikwe na kunyweshwa maji kila siku, kisha yaachwe mpaka siku 28 zitimie. Watu huharakisha hapa halafu wanalaumu mashine. Na ramani yenu, hata kama fundi ni hodari, ipelekwe kwa afisa wa ujenzi wa serikali aiangalie kabla ya kuchimba. Udongo wa msingi unaweza kudanganya hata fundi hodari.

Maji. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la madarasa mawili na nafasi yake na baraza ni karibu mita 200 za mraba. Mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hizo ni lita 120,000. Toeni moja ya tano inayomwagika, mnabaki na lita 96,000. Tangi la lita 10,000 litajaa na kufurika mara nyingi, kwa hivyo acheni nafasi ya matangi mawili, na gata ziwekwe pamoja na paa, si "baadaye". Baadaye haijawahi kufika.

Tunajua kikundi kimoja hapa kina shida, na mwenyekiti ametuambia wazi. Mtu aliyetoa mchango mkubwa anataka madarasa yatazame barabara, na mnaogopa akikasirika ataondoa mkono. Hatuna njia ya mkato. Tunashauri msibishane naye kwa maneno. Mwalikeni saa nane mchana, mkae naye nusu saa ndani ya darasa la zamani lenye kutazama magharibi, karibu na dirisha, bila kumwambia kwa nini. Kama halipo kwenu, tutampeleka kwenye lile letu.

Jumamosi hii tutakuwa kwenye ploti ya kikundi hicho kuanzia saa tatu kasoro. Leteni mti ulionyooka, kamba, vigingi viwili na jembe la kusawazisha. Mje na mama mmoja anayejua kupepeta, na watoto watatu au wanne wa kuangalia kivuli. Fundi naye aje, hata kama hajaanza kulipwa. Tutakaa mpaka saa tisa, kwa hivyo chai na mkate tutaleta sisi.